Kuchunga umeme bila kontere ni kazi ya bure



Tuko mwezi wa sita. Asubuhi hapa Lubumbashi baridi inaingia mpaka ndani ya mifupa, na kila nyumba inatafuta maji ya moto. Mwenye umeme anatia rezistansi ndani ya ndoo. Asiye nao anawasha mbabula, anaunguza makala.

Tulipiga hesabu. Kupasha lita 20 za maji kutoka digrii 18 mpaka 40 kunakula karibu nusu ya kilowati-saa. Watu sita, kila mutu ndoo yake: kilowati-saa 3 kwa siku, 90 kwa mwezi. Si kidogo.

Kupunguza kunawezekana. Wakati huu wa kiangazi jua tuko nalo kutwa. Paka bidoni rangi nyeusi, uiweke juani tangu asubuhi, mahali pasipo na upepo, halafu watu waoge jioni. Maji yakifika digrii 30, umeme unabakia na kazi isiyofika nusu. Funika ndoo wakati wa kupasha. Pasha maji utakayotumia tu. Lita 10 zinatosha mutu mumoja. Mwenye boila aizime akiisha kuoga. Na rezistansi, chomoa kwanza ndipo uguse maji. Maji ya kunywa, yale lazima yachemke: joto la bidoni haliue mikrobu.

Sasa, ukifanya hayo yote, faktire itashuka? Kwa wengi wetu, hapana. Hatuna kontere. Tunalipa forfe: bei moja kila mwezi, ukitumia nyingi, ukitumia kidogo. Hata wiki ya delestaji tunailipa. Jirani anayeacha rezistansi inachemka tangu asubuhi analipa sawasawa na mama anayeanika bidoni yake juani. Nani ataendelea kuchunga?

Tunaambiwa kila siku: raia wanaharibu umeme. Watupatie kontere, ndipo tujue nani anaharibu. Tangu 1982 laini ya Inga inatembea kilometa karibu 1.700 mpaka Kolwezi juu ya migodi. Kama waliweza kuvuta waya kupita inchi nzima, kuweka kipimo kwenye ukuta wa nyumba hakuwezi kuwashinda.

Tunadai mambo matatu:

1. Kontere kwa kila nyumba yenye kulipa, bila «kahawa» ya mutu yeyote.
2. Faktire ionyeshe kilowati-saa na bei ya moja.
3. Siku za delestaji zitolewe kwenye forfe mpaka kontere zifike.

Kila avenyu ikusanye faktire za miezi mitatu na iandike kwenye daftari siku na saa umeme ulikatika. Tutazipeleka pamoja, kwa amani, mchana, na tutaomba jibu la maandishi.

Bidoni ianikwe leo. Na daftari lifunguliwe leo pia.

Sisi vijana, raia wa Lubumbashi.