Treni za Bati na Uchoyo wa Maarifa

Ndugu wafanyakazi wa mashamba ya michikichi, wa vinu vya mawese na wa viwandani, leo tunaomba nafasi tuzungumze jambo ambalo wengine watasema ni la watoto. Ni juu ya wenzetu wanaotumia saa zao za mapumziko kutengeneza treni ndogo za bati na waya. Hapa Kizuka wapo, na Rumonge mjini wapo. Ni watu wazima, wana familia, wanabeba mikungu ya chikichi kutwa nzima, na jioni wanakaa chini ya mwembe na mkasi wa bati. Tunasema wazi kwamba kazi hiyo ni ya heshima. Na tunasema vilevile kwamba inayoiua si ukosefu wa vifaa. Tunaoiua ni sisi wenyewe.

Tuanze na kosa letu. Mwenzetu mmoja wa kwenye kinu alileta mkutanoni kichwa cha treni alichokitengeneza kwa makopo ya samaki. Kilikuwa na bomba la moshi, ngazi mbili, hata taa ya mbele. Alitaka tu tukitazame. Tulicheka. Mmoja wetu, tena miongoni mwa viongozi, akamwuliza kama mshahara umemzidi hata afuge midoli. Yule ndugu alicheka nasi, akakifunga katika kitambaa, akaondoka. Baadaye tulisikia alikitupa motoni, chini ya pipa la kuchemshia chikichi. Miezi mitano ya kazi! Hakuna bosi aliyemtendea hivyo. Tulimtendea sisi, tunaoitana ndugu.

Mtu atauliza: Burundi haijawahi kuwa na reli inayofanya kazi, basi treni za nini? Lakini waulize wazee wa pwani hii waliiona treni wapi. Watakuambia Kigoma. Wengine walifika huko ukimbizini mwaka 1972, wengine wengi baada ya 1993, na stesheni ile ya mwisho wa reli ya kati, reli iliyofika ziwani mwaka 1914, imebaki machoni mwao. Watu hawa hawaigi picha ya kalenda. Wanaijenga treni waliyoisikia usiku. Na sasa mambo yanabadilika: Agosti 2025 jiwe la msingi la reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati liliwekwa. Hatusemi kwamba mwenye treni ya bati ataajiriwa huko. Hatutaki kudanganya mtu. Tunasema ni aibu reli ikija itukute tunawacheka wale wachache waliokwisha kujiuliza gurudumu linapindaje kona.

Na hapo ndipo penye uchoyo. Mwaka jana treni zote za Kizuka zilikuwa zinaanguka konani. Kila mtu na yake, kila mtu kimya. Mmoja alikuwa amegundua kwamba vizibo vya chupa vinafaa kuwa magurudumu, lakini ni lazima upande wa ndani uweke kisahani cha bati kilicho kikubwa kidogo, kiwe ukingo wa kuzuia gurudumu lisitoke relini. Mwingine alijua kukata kipande cha mti kwa upana mmoja na kukipitisha kati ya reli kila baada ya taruma, ili njia isibane hapa na kupanuka pale. Wa tatu alijua kwamba kona kali ndiyo adui, na kwamba uzito uwekwe chini, karibu na ekseli. Watu watatu, kila mmoja na theluthi ya dawa, na wote watatu treni chini! Walipokalishwa pamoja, zilizunguka Jumapili hiyohiyo.

Kuna jambo moja tulilolipata baadaye ambalo kila mtengenezaji alijue. Magurudumu mawili ya treni ya kweli yamekazwa kwenye ekseli moja, yanazunguka pamoja, na uso wake haukulala sawa: ni mnene upande wa ndani na mwembamba upande wa nje. Treni ikiingia konani, ekseli husogea kidogo upande wa nje, gurudumu la nje likakanyaga reli kwa sehemu nene na la ndani kwa sehemu nyembamba, na hivyo la nje likaenda mbali zaidi bila kukwaruza. Ukingo ni mlinzi tu. Kwa vipimo, reli ile ya zamani ya Kigoma ina upana wa milimita 1,000. Ukigawa kila kitu kwa 40 unapata njia ya milimita 25, kiasi cha vidole viwili hivi. Chagueni kipimo kimoja ninyi nyote, ili behewa la huyu lipite kwenye reli ya yule.

Huko Uingereza watu wa kazi hii waliunda chama chao London tangu 1910, na mpaka leo wanaonyeshana kazi. Sisi tuna ushahidi wa karibu zaidi. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa masandukuni, ikaletwa Kigoma kwa reli na kuunganishwa upya. Mwaka 1916, Wajerumani walipoizamisha wenyewe wakikimbia, mafundi walizipaka injini grisi kwanza. Ilipoinuliwa mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Wale walikuwa vitani, na bado hawakumnyima fundi ajaye.

Kwa hiyo mwenzako akikuonyesha kazi yake, tazama kwanza. Shika, geuza, mwambie kilicho kizuri kwa jina lake: "lehemu yako hapa imekaa." Halafu mwambie kasoro, na mwambie umeirekebishaje kwako. "Ni nzuri" peke yake ni kumfukuza kwa adabu.

Mengine ni ya chama, na hayana mzaha. Makopo na madumu ya dawa za kuua wadudu shambani yasiguswe kabisa, hata yakioshwa mara kumi. Dumu lililokuwa na petroli lisisogezwe motoni. Lehemu nyingi zina risasi: fanyieni kazi nje, watoto wakae mbali, nawa mikono kabla ya kula. Na waya wa kiwandani ni wa kiwanda. Tumewahi kumtetea mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya mita mbili za waya, na tulishindwa. Omba mabaki, upewe kwa barua.

Yule ndugu wa makopo ya samaki tulimwendea nyumbani, tukaomba radhi. Ameanza kichwa kingine. Anasumbuliwa na kiungo cha kushikanisha mabehewa: treni ikirudi nyuma, behewa la tatu linapanda juu ya la pili. Anayejua dawa yake aje Jumapili baada ya saa tisa, chini ya mwembe.