Kisukari: Presha inapimwa mkononi, mguu unasahaulika

Kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, mahema yanafungwa viwanjani na watu wanapanga foleni kupima bure. Kidole kinatobolewa, mkono unafungwa mkanda wa presha, uzito unaandikwa. Dakika chache mtu kamaliza, anaondoka na karatasi yake. Viatu hajavua.

Hapo ndipo penye tatizo. Kinachomfikisha mgonjwa wa kisukari kwenye kukatwa mguu mara nyingi kiko chini ya soksi, na karatasi ile haikionyeshi.

Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF), Afrika ilikuwa na watu wazima milioni 24 wenye kisukari mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa hawajijui. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa inayopeleka damu miguuni inajaa mafuta, inakuwa myembamba na migumu. Sigara na presha vinaongeza kasi. Ni ugonjwa uleule unaoziba mishipa ya moyo, ndiyo maana mwenye mishipa iliyoziba miguuni yuko pia kwenye hatari kubwa ya shambulio la moyo na kiharusi.

Na si ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2013 ulikadiria kuwa watu milioni 202 duniani walikuwa nao mwaka 2010, na 7 kati ya kila 10 walikuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati.

Dalili zenye majina mengine

Dalili inayojulikana zaidi ni maumivu ya kigimbi. Mtu anatembea mita kadhaa, kigimbi kinabana, anasimama, baada ya dakika chache yanaisha. Akianza tena kutembea, yanarudi palepale. Nyumbani wanasema uzee huo, au baridi yabisi. Hali ikizidi, mguu unauma usiku akiwa amelala, na anapata nafuu akiuning'iniza nje ya kitanda.

Lakini wengi hawasikii chochote. Kisukari kinaua pia mishipa ya fahamu, mguu unakuwa na ganzi. Msumari unapenya kandambili asubuhi, mtu anagundua jioni akiona damu. Kidonda kikikataa kupona kinaitwa donda ndugu, na wapo watakaosema karogwa. Kumbe mguu umekosa damu.

Kuna la kuongeza hapa: kuloweka mguu wa baridi kwenye maji ya moto ni hatari kwa mtu mwenye ganzi. Anaungua bila kujua, na ngozi isiyopata damu haiponi.

Hesabu ya kugawanya tu

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya mamilioni. Hatua ya kwanza ni vidole: mhudumu anatafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Yasipopatikana, ni onyo.

Hatua ya pili ni mkanda wa presha na kifaa kidogo cha Dopla, kinachoshikwa mkononi na kusikilizisha mwendo wa damu. Mgonjwa analala dakika 5 hadi 10, anapimwa presha mikono yote na vifundo vyote viwili. Namba ya juu ya kifundo inagawanywa kwa ya mkono. Mkono ukiwa 140 na kifundo 84, jibu ni 0.6. Chini ya 0.9 maana yake mshipa umebana; chini ya 0.4 mguu uko hatarini.

Ila kuna mtego, na unawanasa hasa wenye kisukari. Mishipa yao inaweza kukakamaa kiasi kwamba mkanda haiwezi kuibana, jibu likatoka zaidi ya 1.4 au hata la kawaida, wakati damu haifiki. Hapo inabidi kupima presha ya kidole gumba cha mguu. Mhudumu asiyejua hili atamrudisha mgonjwa nyumbani akiwa amefurahi bure.

Nani afanye?

Mwongozo upo. Mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa ajili ya vituo vya afya vya msingi unataka miguu ya mwenye kisukari ikaguliwe, mapigo na ganzi vikiwemo. Kinachokosekana ni muda na mtu. Nesi mwenye foleni ndefu atapima kile ambacho daftari lina nafasi ya kukiandika.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ikaachana na NHIF na kuingia SHA Oktoba 2024. Mjadala umekaa zaidi kwenye michango na matibabu makubwa. Ukaguzi wa mguu mara moja kwa mwaka hauna mtetezi.

Ukigundulika mapema, wengi hawahitaji kisu. Wanaacha sigara, wanapewa dawa za kushusha mafuta na za kuzuia damu kuganda, wanadhibiti sukari na presha. Asiye na kidonda anaambiwa atembee: mpaka kigimbi kiume, apumzike, aendelee tena, dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi.