Misemo ya Kiingereza na Haki ya Mwananchi

Kila lugha ina misemo ambayo maana yake haipatikani kwa kuyajumlisha maneno yaliyomo. Mgeni aliyefundishwa kuwa kupiga ni kuchapa atashangaa kusikia kwamba sisi tunapiga pasi, tunapiga simu na tunapiga kura. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Neno "put" ni kuweka. Lakini "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, na "put up with" ni kustahamili. Hata bahari, inayowazunguka Waingereza kama inavyotuzunguka sisi, haifasiriwi sawa: wao humwita mtu aliyechanganyikiwa kuwa yuko "all at sea", ilhali kwetu aliye baharini yumo kazini mwake.

Hatuna ugomvi na misemo hiyo ikiwa katika lugha yake. Tunalolalamikia ni tabia ya baadhi ya watumishi wa umma ya kuihamisha neno kwa neno na kuitia katika barua, hotuba na matangazo ya Kiswahili. Siku hizi ni nadra mkutano kumalizika bila ya kusikika "mwisho wa siku", kwa kuwa Mwingereza husema "at the end of the day" akikusudia hatimaye. Mvuvi anayeambiwa kwamba mwisho wa siku atalipwa fidia ya nyavu zake ana haki ya kwenda kungojea malipo jua linapokuchwa. Vile vile, mwombaji anayeandikiwa kuwa ofisi "inatazama mbele kusikia kutoka kwake" hajui kama anatakiwa ajibu au asubiri.

Jambo hili si la mzaha, kwani hata wenye lugha wenyewe hukosana. Katika Vita vya Pili vya Dunia, maofisa wa Uingereza walitaka hati yao ijadiliwe kwa haraka, wakatumia neno "table". Wenzao wa Marekani, ambao kwao neno hilo ni kuliweka jambo kando, wakapinga. Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za vita kwamba walibishana kwa muda mrefu kabla ya kutambua kuwa wote walitaka jambo moja. Ikiwa hao walipotezana, mwananchi wa Micheweni au Makunduchi atafahamu vipi?

Watatokea wa kusema kwamba lugha hukua kwa kukopa. Ni kweli, meza tumeipata kwa Wareno na shule kwa Wajerumani. Lakini mwenye busara hukopa asichokuwa nacho. Maneno hatimaye na tunangojea jibu lako tunayo tangu zamani.

Kwa hiyo tunawashauri wakuu wa ofisi kwamba kila barua iendayo kwa wananchi, kabla ya kutiwa saini, isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiingereza. Asipoifahamu, iandikwe upya. Wananchi nao wasione haya kuirudisha barua na kutaka maelezo, kwani kuuliza si ujinga, na amri isiyofahamika haiwezi kutekelezwa.