ACHA KUKATA KIVULI CHA KAHAWA: JUA LIKIZIDI NI HASARA

Ndugu mkulima, kuna maneno yanazunguka vijijini kwetu, kuanzia Kalinzi mpaka Manyovu: "Jua ndilo chakula cha mmea, kata miti kahawa ipumue." Maneno haya ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu iliyoachwa ndiyo inayowatia watu hasara. Leo nayapinga waziwazi.

Ni kweli mmea hutengeneza chakula kwa mwanga. Lakini jani ni kama mashine ya kusaga. Ukimimina mahindi kuliko uwezo wake, hupati unga zaidi, unaikwamisha tu. Jani la kahawa hutosheka na theluthi moja hivi ya mwanga wa jua kali la saa sita mchana, au hata chini yake. Unaobaki lazima liutoe kama joto. Likishindwa, ile rangi ya kijani inaharibika, jani linakuwa la njano, kisha linababuka na kuanguka. Usishangae: arabika asili yake ni misitu ya milimani Ethiopia, chini ya miti mikubwa. Mahindi ni habari nyingine, yale yanalipenda jua.

Angalia viumbe vingine vinavyojikinga. Saa sita mchana, majani ya maharage husimama kwa ubavu ili yasipigwe na jua moja kwa moja. Jani la mgomba hujikunja pande mbili kufuata uti wake. Miembe ya Ujiji ikichipua, majani machanga hutoka mekundu-mekundu, na rangi hiyo huyakinga mpaka yakomae. Kiboko wa Malagarasi hutoa ute mwekundu kwenye ngozi; mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walieleza kwamba rangi za ute huo huzuia miale ya jua na hupambana na bakteria. Na wewe mwenyewe jua likiwaka unatafuta mwembe. Mkahawa una mbinu zake ndogo ndani ya jani, lakini hauwezi kuondoka ulipopandwa. Kinga yake kubwa ni ule mti unaotaka kuuza.

Najua hoja zenu.

"Mbona shamba la jirani halina miti na linazaa sana?" Ndiyo, linazaa. Jua kali huleta maua mengi, na mti hubeba matunda kuliko majani yanavyoweza kuyalisha. Matawi huanza kufa kutoka nchani, na mwaka unaofuata mti unapumzika. Kahawa ya juani inawezekana kwa mwenye mbolea nyingi na maji ya kumwagilia. Jiulize kama unavyo.

"Kivuli kinaleta chulebuni na kutu ya majani." Kivuli kizito, ndiyo. Dawa yake ni kupogoa. Hakuna haja ya kung'oa.

"Miti inakula rutuba." Mikaratusi inanyonya maji kweli, isipandwe humo. Mruka unaongeza naitrojeni kwenye udongo.

Sasa angalia kalenda. Kigoma ipo kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi kuna mawingu na udongo una maji. Oktoba udongo umekaa miezi mingi bila mvua ya maana. Na miezi hiyohiyo ya kiangazi ndiyo wachoma mkaa na wenye matanuri ya tofali wanakuja na fedha mkononi. Unauza mti mwezi wa nane, mwezi wa kumi unalia na kahawa. Fedha ya mti mmoja haimalizi hata madaftari ya watoto, na mti mwingine utausubiri miaka.

Wapo pia viongozi, na wataalamu wenzangu, wanaopita shambani na kusifu shamba jeupe lisilo na jani chini wala mti juu. Usafi wa namna hiyo ni wa uwanja wa mpira. Waache wausifie huko.

Fanya hivi:

1. Lenga kivuli cha robo hadi theluthi ya shamba. Saa sita mchana ardhi iwe na madoadoa ya jua na kivuli. Ikiwa giza tupu, pogoa. Ikiwa jua tupu, panda.

2. Panda mruka, mringaringa au mgrevilea kwa umbali wa mita 10 hivi. Wakati unasubiri, migomba itatoa kivuli cha haraka.

3. Pogoa miti ya kivuli mvua zinapoanza. Kiangazi usiiguse.

4. Tandaza majani makavu ya migomba au nyasi, ukiacha shubiri moja kutoka kwenye shina.

5. Miche ya kitalu izoeshe jua kidogokidogo kabla ya kuipeleka shambani.

Angalizo kwa wenye michikichi: miche midogo inahitaji kivuli kitaluni, lakini mchikichi ukishakuwa shambani unataka jua lote. Usichanganye mambo.

Kabla hujakubali bei ya mti, simama shambani saa sita mchana uhesabu mikahawa iliyo chini yake. Hiyo ndiyo unayoiuza. Ukiwa na shaka, mwite afisa ugani wa kata yako aje aone kwanza, panga baadaye.