Tumechemsha Maji, Hatujayapima



Kwa miaka mingi sisi makatekista na walimu tumewafundisha neno moja juu ya maji: chemsheni. Tulikuwa na sababu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walifurika Goma, na hapa Kibumba ikasimama kambi kubwa juu ya mwamba wa volkano, pasipo mto wala chemchemi. Maji yaliletwa kwa malori. Kipindupindu kikaingia katika kambi za Goma, na inakadiriwa kwamba wakimbizi karibu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuhara. Aliyeziona siku zile haulizi kwa nini bidoni ya maji hutiwa klorini.

Lakini fundisho hilo lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu ya pili tumechelewa kuwapa.

Mvua hainyimi nchi yetu, ila mwamba wenye matundu huinywa mara moja. Ndiyo maana tunakinga maji kwenye mabati na kuyahifadhi katika siterne. Mvua hiyo hupita katika hewa inayopokea moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira. Ndani ya moshi huo mna gesi yenye floridi, nayo huyeyuka katika matone. Floridi haina rangi wala harufu. Ikiwa kidogo, hulinda meno. Ikizidi, humdhuru mtoto wakati meno yake yangali yanaumbika ndani ya ufizi, nayo hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Mvuke huenda zake, floridi hubaki katika maji yaliyopungua. Klorini nayo huua vijidudu vya kipindupindu, lakini floridi haiigusi. Hivyo mama aliyetimiza yote tuliyomfundisha anaweza kumnywesha mwanawe maji yenye madhara, bila kosa lolote lake. Na mara ngapi tumewakaripia watoto wenye meno ya kahawia kwamba hawapigi mswaki! Tuliwakosea, na inafaa tukiri.

Je, maji ya Kibumba yana floridi nyingi? Pepo za kawaida huupeleka moshi magharibi, kuelekea Rusayo na Sake, na ni upande huo watafiti walikokuta floridi iliyozidi na meno ya watoto yaliyoharibika. Sisi tuko mashariki ya mlima. Lakini upepo hugeuka, na siterne ya jirani si sawa na yangu wala yako. Tusijitangazie usalama, wala tusieneze hofu. Tupime. Sisi ni watu wa nchi ya mazuku, ile hewa isiyoonekana ilalayo mabondeni na kuua mbuzi na hata mtu. Hakuna mzee anayengoja kuiona ndipo amkataze mtoto kushuka huko. Basi kwa nini tuyaamini maji kwa kuwa yanang'aa?

Wengine husema: mtu asiye na maji mengine, kumwambia kwamba yake ni mabaya ni kumwongezea mzigo. Hoja hii si ya kudharauliwa. Wengi wa Kibumba waliokimbilia Kanyaruchinya mwaka 2022 kwa sababu ya vita wanajua uzito wa kukosa hata bidoni moja. Hata hivyo, mtoto mdogo huhitaji lita chache tu kwa siku kwa kunywa na kwa uji wake. Familia ikijua, yaweza kumtengea hizo kutoka mahali penye maji bora, na yale mengine yakafua nguo. Tena dawa ipo. Katika Bonde la Ufa la Kenya, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi, Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floridi. Lakini kazi hiyo huanza na kipimo.

Watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakamweleza wazi kwamba mji wao ni mzuri ila maji yake ni mabaya. Uponyaji ulikuja baada ya maneno hayo, si kabla. Na tunapodai maji salama hatuombi sadaka: Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi, mliosoma kuliko sisi: kila shirika liandike orodha ya siterne zake na idadi ya watoto wanaozinywea. Orodha hiyo tuipeleke pamoja kwa wakuu wa afya, na kwa wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, tuombe maji yapimwe, vijidudu na floridi pia. Matokeo yasomwe kanisani mbele ya wote, kama yasomwavyo matangazo ya ndoa, yawe mema au mabaya.

Hadi siku hiyo, endeleeni kuchemsha. Ila asiwepo tena wa kumcheka mtoto kwa sababu ya meno yake.