Umebanwa na gari? Usisaini tanazuli kabla mwili haujasema



Leo katika ukurasa wetu wa afya naomba tuzungumzie jambo ambalo liko nusu hospitali na nusu mahakamani. Ni majeraha ya kubanwa na gari: mguu uliobaki chini ya dashibodi, mkono uliolaliwa na mlango wa Hiace, paja lililobanwa kati ya gari mbili kwenye barabara ya mzunguko ya Riyadh au njia ya Jeddah kwenda Makka. Wengi wetu hapa ni madereva, wapeleka mizigo, mafundi wanaobebwa na basi la kampuni, na akina dada wa kazi za nyumbani wanaokaa kiti cha nyuma bila mkanda. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote.

Kinachonisukuma kuandika ni karatasi moja tu, yaani tanazuli. Mtu ameumia jana, leo yuko kitandani, wanakuja jamaa wa dereva na tende na maneno mazuri: "Kijana wetu yuko ndani, ana watoto, samehe, Mungu atakulipa." Pengine na mwenzetu mmoja anayejua Kiarabu ameletwa ili amshawishi. Mgonjwa anaweka dole gumba. Kuanzia hapo haki yake binafsi imekwisha, hata kama wiki ijayo atakatwa mguu.

Maoni yangu ni haya: aliyebanwa na gari asisaini msamaha wowote katika siku za mwanzo. Sisemi hivyo kwa sababu kusamehe ni kubaya. Nasema hivyo kwa sababu siku hizo mgonjwa mwenyewe bado hajui anasamehe nini, na pengine hata daktari bado hajajua.

KUBANWA SI KUVUNJIKA

Watu wengi hudhani kama mfupa haukuvunjika, basi mtu amepona. Si kweli. Msuli ukigandamizwa hukosa damu na kuanza kufa. Mgandamizo ukiondolewa, damu inarudi na kuzoa uchafu wa msuli ule: potasiamu, ambayo ikizidi inaweza kusimamisha moyo, na protini iitwayo myoglobini, ambayo huziba na kudhuru figo. Ndiyo maana mtu anaweza kutolewa kwenye gari akiwa anaongea, kisha hali ikageuka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall wa London waliandika habari za watu waliofukuliwa chini ya vifusi vya mabomu, wakaonekana wana nafuu, kisha figo zikashindwa kazi. Gari lililopondeka linaweza kufanya vile vile.

Hatari ya pili ni uvimbe wa ndani. Msuli umefungwa ndani ya utando usiotanuka, hivyo ukivimba hujikaba wenyewe. Ndani ya saa chache, na mara nyingi ikifika kama saa 6, madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Tiba yake ni daktari kupasua ngozi na utando ule haraka ili kuondoa mgandamizo. Kuchelewa maana yake ni mguu uliolemaa au uliokatwa.

DALILI ZA KUKURUDISHA HOSPITALI USIKU HUO HUO

- Maumivu makali kuliko jeraha linavyoonekana, hasa vidole vikinyooshwa, na dawa hazisaidii.
- Mguu au mkono umekaza kama ubao, ngozi inang'aa.
- Ganzi, kuchomwachomwa, au vidole havisogei.
- Mkojo mweusi kama chai ya rangi au Coca-Cola, au mkojo kupungua sana.
- Moyo kwenda mrama, kuishiwa nguvu, kutapika.

Tafadhali, sehemu iliyobanwa isikandwe na isichuliwe kwa mafuta ya nazi wala ya habasoda, na isifungwe bendeji ya kukaza. Tena usinunue diclofenac au ibuprofen mwenyewe duka la dawa, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuzidi kuumiza figo ambazo tayari ziko hatarini.

UKIWA ENEO LA AJALI

Piga 911 ikiwa uko Riyadh au Jeddah. Hilali Nyekundu ni 997, na waokoaji wa Ulinzi wa Raia ni 998. Sema wazi kuwa mtu amebanwa, "muhtajaz", na taja amebanwa tangu saa ngapi. Muda huo ni habari kubwa kwa daktari. Usimvute aliyebanwa isipokuwa kuna moto au hatari ya papo hapo. Kama amekaa muda mrefu, wahudumu huanza kumwekea maji ya mshipani kabla ya kumtoa, ili kumlinda moyo na figo. Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi mpaka wafike.

HAKI YAKO IKO WAPI

Kwanza, ripoti ya Muroor. Ajali yenye majeruhi ni ya polisi wa usalama barabarani, na ripoti yao hugawa makosa kwa asilimia. Ukiandikiwa asilimia 50 ya kosa, fidia yako inapungua kwa kiasi hicho. Omba mtu unayemwamini akusomee kabla ya kukubali.

Pili, ripoti ya hospitali. Daktari huandika aina ya jeraha na muda wa kupona, na muda huo una uzito katika kesi. Usikubali ripoti ya siku ya kwanza iwe ndiyo ya mwisho. Hali ikibadilika, omba ripoti mpya.

Tatu, bima. Gari la Saudia linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mkataba wake wa pamoja una kikomo cha riyali milioni 10 kwa tukio moja. Kampuni ikikuzungusha, peleka malalamiko Mamlaka ya Bima, iliyoanzishwa mwaka 2023.

Nne, dia na fidia ya viungo. Mwaka 2011 dia ya kuua bila kukusudia ilipandishwa kuwa riyali 300,000 kwa mwanamume Mwislamu. Mguu mmoja uliopotea ni nusu yake, yaani 150,000. Dia ya mwanamke huhesabiwa nusu, jambo ambalo dada zetu walijue mapema. Jeraha lisilo na kiwango maalumu hukadiriwa na wataalamu. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya mwaka 2023 imeweka miaka 3 ya kudai fidia, tangu ulipojua madhara na aliyeyasababisha. Kwa hiyo anayekwambia "saini leo la sivyo utakosa" anakuharakisha kwa faida yake.

Tano, kazini. Mfanyakazi wa kampuni hulipiwa na mwajiri asilimia 2 GOSI kwa ajili ya majanga ya kazi, hata kama si Msaudia, na ajali ya njiani kwenda au kutoka kazini inahesabiwa. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo katika mpango huo. Ndiyo maana kwao tanazuli ya haraka ni hatari zaidi: pengine ndiyo haki pekee waliyokuwa nayo.

KWA ALIYEPITWA NA IQAMA

Wapo wanaokimbia ajali huku wanachechemea, wanajificha Batha au Kilo 14 kwa kuogopa kukamatwa. Ndugu yangu, figo haisubiri iqama. Hospitali, za serikali na za binafsi, zinatakiwa kupokea dharura ya hatari kabla ya kuuliza malipo. Mambo ya karatasi yana mlango wake baadaye, lakini maisha hayana mlango wa pili.

Na kama kafili anakuharakishia khuruji nihai ungali na bendeji, usiondoke kabla ya kuchukua nakala za ripoti zote na kumwandikia wakala mtu wa kufuatilia kesi. Ujulishe ubalozi wako Riyadh. Walioko Jeddah wapige simu mapema, kwa sababu umbali ni kama kilomita 950.

Mwisho nawaomba viongozi wa jumuiya zetu. Mkiitwa kutafsiri wodini, tafsirini karatasi yote neno kwa neno, na mwambieni mgonjwa anaruhusiwa kujibu: "Nitasamehe au sitasamehe, lakini baada ya ripoti ya mwisho ya daktari." Msamaha wa mtu anayejua alichopoteza ni msamaha wa kweli. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya kusaini imewaacha wenzetu na magongo bila senti.

Nawatakia safari njema, na fungeni mikanda.