Jibane Wewe, Usimbane Nahodha

Siku hizi kijana akirudi safari haulizwi kwanza ameona nini, anaulizwa ametumia ngapi. Naye anajibu kifua mbele: nimekwenda Mafia kwa basi, nimelala chumba cha bei ya chipsi mayai, na boti ya kwenda kuwaona potwe nimembana nahodha mpaka akashuka nusu bei. Hapo kwenye nusu bei ndipo wenzake wanaposhangilia. Aliyelipa bei yote anaonekana mshamba, au mtoto wa kishua asiyejua mji. Mimi mwenyewe ni mtu wa basi na sina mpango wa kuhama. Lakini hicho kipande cha mwisho cha majigambo nakipinga, na nakipinga nikiwa upande huuhuu wa wabeba mabegi.

Ndege ndogo kutoka Dar inakutua Kilindoni kabla hujamaliza karanga zako. Ukipanda basi unaanzia Mbagala Rangi Tatu, unapita Kongowe, Mkuranga, Kimanzichana, mikorosho kushoto na kulia, halafu mnaiacha barabara ya Kilwa na kukata kuelekea Nyamisati, ambako nchi kavu inaishia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Kuanzia hapo ni maji. Pembeni yako kuna mama mwenye godoro jipya, kuna magunia ya vitunguu, kuna mwanafunzi anayerudi nyumbani, kuna kijana amekumbatia kioo cha kabati kama mtoto mchanga. Ukitia nanga Kilindoni umeshajua jambo ambalo aliyeshuka kwenye ndege atahitaji kuelezwa: kisiwani karibu kila kitu kimevuka bahari, petroli ikiwemo. Hiyo petroli naomba uikumbuke, tutairudia.

Kilindoni ndio makao makuu ya Wilaya ya Mafia, lakini usije na picha ya jiji. Ni mji wa wavuvi. Una soko, bandari, misikiti, bajaji, na harufu ya dagaa wanaoanikwa, ambayo siku ya pili pua yako inaacha kuihesabu. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu, kaskazi inapokaribia na inapovuma, potwe wanakusanyika mbele ya mji huu kula. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wakenya wanamwita papa shilingi kwa madoadoa yake meupe, kana kwamba mtu alimwaga sarafu mgongoni. Pamoja na ukubwa huo chakula chake ni uduvi na dagaa, na anakula kwa kupanua mdomo na kuchuja maji. Wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambayo hayajapevuka, na hata hao wana urefu wa mita sita, saba. Na hawaji tu msimu na kuondoka, kama tulivyozoea kuambiwa. Watafiti waliwafunga vifaa vya kutoa ishara za sauti na mwaka 2015 wakachapisha walichokipata: potwe wengi wa Mafia wapo mwaka mzima, ila miezi mingine wanasogea mbali kidogo na kukaa chini zaidi, tusikowaona. Ni wenyeji, kama wavuvi.

Tena wanakula meza moja na wavuvi. Dagaa wanapojaa ghubani, nyavu zinashushwa palepale potwe anapochuja, na mara nyingine anazungushiwa wavu pamoja na dagaa. Wavuvi wanamtoa. Fikiria kazi hiyo: mnyama wa tani kadhaa ndani ya wavu ambao ndio mtaji wenu wote, na nyie mnashusha upande mmoja ili apite. Wangeweza kumwona adui. Potwe yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2016, na sehemu nyingine za dunia wamewindwa kwa ajili ya mapezi na nyama. Kilindoni bado wapo.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ila mipaka yake ilichorwa kusini, kuzunguka ghuba ya Chole na matumbawe yake. Potwe hawakuisoma ramani. Wao wanapenda upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, nje ya mpaka. Kwa hiyo kinachomtokea potwe asubuhi fulani kinategemea sana mtu mmoja aliyeshika usukani wa boti, na uamuzi anaoufanya dakika ile anapoliona pezi. Huyo ndiye tunayembana ashushe bei.

Januari moja nilikaa ufukweni pale nikisubiri kikundi chetu kitimie, nikasikiliza mapatano ya kikundi kingine. Vijana sita, Watanzania, wasomi kwa kuwasikiliza. Nahodha, mtu wa makamo, alitaja bei kwa kila kichwa. Mmoja wao akacheka, akasema, "Mzee wangu, sisi sio Wazungu." Wakaanza kushuka naye ngazi kwa ngazi. Kila akishuka, wanajifanya wanaondoka. Mwisho akakubali nusu, na mwenye maneno mengi akawageukia wenzake na kukunja ngumi ya ushindi. Nahodha hakulalamika. Alitembea ufukweni akarudi na watu wengine watano, akawapandisha wote kwenye boti ileile.

Hicho ndicho kilichonunuliwa kwa ile nusu bei: watu kumi na moja kwenye boti ya watu sita. Baada ya hapo hesabu inajiendesha yenyewe. Petroli imeshawekwa na haipungui bei kwa sababu abiria ni Mswahili mwenzako. Kuzunguka taratibu mpaka samaki ajitokeze mwenyewe kunakula mafuta, na mafuta hayo hayamo tena kwenye bei. Basi potwe wa kwanza anayeonekana ndiye huyohuyo, lazima. Boti inamkimbilia, inamkata mbele, injini haizimwi mapema, na watu kumi na moja wanaruka kwa pamoja juu ya kichwa cha mnyama anayekula. Anazama. Wanapanda, wanamfuata, wanaruka tena. Jirani anafanya vivyo hivyo, maana naye amebanwa. Tazama picha za potwe kutoka popote wanapotembelewa sana, utaona mapezi yaliyokatika na mistari sambamba mgongoni. Ile mistari ni mapanga ya injini.

Taratibu za kuogelea na potwe si siri. Ningaloo, Australia Magharibi, ambako shughuli hii inaendeshwa kwa leseni, waogeleaji hawazidi kumi kwa wakati mmoja, unakaa mita tatu kutoka mwilini na zaidi kidogo kutoka mkiani, hushiki, humulikii mwanga wa kamera, na boti moja ikiwa na samaki wake nyingine inasubiri kwa mbali. Manahodha wa Kilindoni niliokwenda nao wanaijua adabu hiyo vizuri. Mmoja alituzimia injini mbali, akatuambia tuingie kwa kuteleza, tusiruke, kwa sababu "huyu ukimpigia kelele anakuaga." Tukakaa na potwe mmoja muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na kiongozi yeyote wa umma. Adabu hiyo ina gharama, na gharama yake ni muda na petroli.

Najua nitakachojibiwa. La kwanza, kupatana bei ni utamaduni wetu. Ni kweli, na mimi napatana kwenye kanga na kwenye mapapai. Lakini tuwe wakweli kuhusu ni nani tunayepatana naye. Konda wa basi la Nyamisati alitaja nauli, ukalipa. Bando la intaneti ulilotumia kupandisha zile picha ulinunua kwa bei iliyowekwa, hukumpigia simu mtu umwambie "mzee wangu". Ukipanda ndege ungelipa ilivyoandikwa. Katika safari nzima, ukakamavu wetu wote tumeuhifadhi kwa ajili ya mtu mmoja aliyevaa kaptula iliyopauka, ambaye boti yake ikilala mchangani leo, nyumbani kwake kutaonekana kesho. Kupatana kwa wazee wetu kulikuwa na sharti kwamba muuzaji naye anaweza kusema hapana.

La pili ni zito zaidi: wageni wa hotelini wanalipa pesa nyingi, nyingi yake inabaki hotelini na kwa mawakala wa mbali, na bado wanaenda ghuba ileile kumsumbua potwe yuleyule. Kwa nini ukali wote unawashukia vijana wenye begi moja? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Ndiyo maana natetea basi. Anayekuja kwa basi ana nafasi ya kumpa nahodha pesa mkono kwa mkono bila mtu wa katikati, kununua pweza kwa mama wa sokoni, kulala kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaishi chumba cha pili. Hiyo ndiyo nguvu pekee aliyonayo mtu wa basi dhidi ya mtu wa ndege. Sasa ukiichukua nguvu hiyo ukaitumia kumkamua yuleyule uliyesema hoteli inamnyima, tofauti yako na hoteli ni mandhari ya chumba tu.

Atatokea wa tatu aseme: Mtanzania hana pesa, na safari zikiwa ghali tutawaachia wageni nchi. Hapa nataka tuelewane vizuri. Safari ya bei nafuu ni haki, ila unafuu lazima utoke mahali fulani, na swali ni kwenye mfuko wa nani. Lala kwenye chumba chenye feni mbovu. Kula mihogo na samaki siku tatu mfululizo. Subiri siku nzima ufukweni mpaka kikundi cha watu sita kitimie ili mgawane bei halali. Nenda mara moja badala ya mara mbili. Hayo yote unajibana wewe. Ukimbana nahodha, anayelipia tofauti ni petroli, na petroli ikipungua anayelipia ni samaki.

Kama unadhani natia chumvi, kuna mji wa kujifunzia. Oslob ni mji wa wavuvi katika kisiwa cha Cebu, Ufilipino, na wabeba mabegi hufika huko kwa basi kutoka Cebu City, kama sisi na Nyamisati. Tangu mwaka 2011 hivi, wavuvi wa pale walianza kuwalisha potwe uduvi kwa mkono kila asubuhi ili wageni wawaone kwa uhakika. Msafara wa kila siku ukawa mkubwa, foleni, tiketi, zamu ya dakika chache chache majini. Wavuvi wamepata kipato, na sitaki kumnyooshea kidole mvuvi aliyepata ada ya shule ya mtoto. Ila potwe wa Oslob wamezoea kuja kwenye boti kudai chakula, na wana makovu ya kugongana na boti hizo. Uhakika na urahisi ndivyo vilivyoleta umati huo. Mtalii alitaka samaki asiyekosekana, kwa muda mfupi, na akapewa. Boti ya nusu bei ya Kilindoni inadai kitu hichohicho kwa mlango wa nyuma.

Halafu kuna picha. Sina ugomvi na picha. Kuna picha za potwe zenye faida kuliko nyingi tunazopiga. Madoa ya kila potwe ni yake peke yake, kama alama ya kidole, na watafiti huyatambua kwa programu iliyotokana na mbinu ya wanafalaki ya kulinganisha mpangilio wa nyota. Picha nzuri ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, inaweza kumtambulisha samaki aliyewahi kuonekana miaka iliyopita. Lakini picha hiyo inapigwa na mtu aliyetulia pembeni mwa samaki anayekula bila wasiwasi. Ile ya kujipiga mwenyewe huku umeshika pezi haimtambulishi mtu yeyote isipokuwa wewe.

Kwa hiyo msimu ujao, ukishafika ufukweni Kilindoni, maswali ya kumuuliza nahodha yapo, na yana makali kuliko "mwisho ngapi?" Boti inabeba watu wangapi na leo utabeba wangapi? Injini utazima umbali gani? Tukikuta boti nyingine imefika, tutasubiri? Tusipomwona kabisa, tunarudi saa ngapi? Akitaja bei baada ya hapo, mpe. Na asipoonekana samaki siku hiyo, bado umeshalipia petroli, na petroli imechomwa kweli.